Sifuri za Mtaa Wetu

Kwako Kaka yangu,

Pokea salamu zangu, na za Mama pia, ingawa yeye hajui kwamba nakuandikia. Sijui barua hii itakukuta katika hali gani, maana hata kile kikohozi chako cha kuanzia simu umetunyima, lakini naomba ikukute mzima, unakula vizuri, na goti lako halikusumbui kwa hiyo baridi ya huko. Ukiuliza hali zetu, tupo. Mama anafua, anapika, anagombana na jirani wa nyuma kuhusu mtaro wa maji machafu, kwa hiyo ujue mwili wake haujambo. Mimi nimekonda. Najua utasema Kiroboto akikonda atabaki nini, lakini ndiyo hivyo, hata mkanda nimeutoboa tundu jipya.

Anayekukabidhi barua hii ni nesi wa zahanati yetu, yule aliyekuwa akija kumpima Baba pumzi na kumgombeza kuhusu chumvi. Amepata kazi huko uliko. Mkaribishe ndani, mpe chai, na usimuulize mambo ya nyumbani, kwa sababu nimemwomba asiseme chochote kabla hujamaliza kusoma. Nimechagua karatasi kwa kuwa simu hupokei. Ujumbe unasoma, alama zinaonesha, halafu kimya. Kila mwezi hela zinaingia bila neno hata moja. Mama hunipa simu nimsomee, nikishamaliza huuliza kama kuna kilichoandikwa chini yake, nami humwambia hakuna, naye huenda jikoni kufanya kitu ambacho alishakifanya.

Shangazi ametuambia ulichomwambia. Kwamba mkono wako ndio uliomuua Baba. Kwamba ulinunua mashine ya oksijeni iliyokwishatumika, kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee huko uliko iliyokuwa inafungwa, kwa sababu mpya ilikushinda bei, na kwamba mtoto wa kwanza hamtumii baba yake mtumba wa kupumulia. Kaka, kabla sijasema lingine lolote nikutue mzigo huo. Mashine haikuharibika. Haikuharibika siku ile wala baadaye. Leo hii iko kwenye nyumba ya jirani yetu fundi cherehani, inamsaidia mama yake, na ukipita karibu na dirisha unaisikia inavuma vilevile kama ilivyokuwa chumbani kwa Baba. Maneno ya kwamba ilichoka ghafla aliyatunga Mama, na mimi nilikuwa nimesimama karibu yake nikamwacha ayaseme.

Usimkasirikie. Aliogopa hasira zako. Hakuna mtu mtaani aliyesahau siku ulipoondoa ngazi fundi wa umeme akiwa juu ya nguzo, ukakaa chini yake kwenye ndoo unatafuna karanga mpaka aliporudisha waya wetu. Sisi tulicheka, wewe ukalala mahabusu. Mama alijua ukisikia umeme umehusika utapanda ndege uende kwenye ofisi zao, naye atabaki na kaburi moja na mfungwa mmoja. Akaona heri uilaumu mashine. Hakufikiri kwamba ungejilaumu wewe.

Sasa nikueleze kilichotokea, na ili unielewe lazima nianze na kazi yangu, ile uliyokuwa ukiitania kwamba nasomea kuhesabu taa za watu. Unajua kwamba chuoni nimeajiriwa kama msaidizi kwenye kitengo cha utafiti wa sera na masoko ya nishati. Jina refu, chumba kifupi: meza za kubanana, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na ubao mweupe ambao haujawahi kufutika vizuri. Mkuu wetu ni profesa ambaye wanafunzi wote wanamwita Wastani, kwa kuwa hakuna jambo asilolijibu kwa wastani. Ukimwambia mvua imekunyeshea atakuuliza wastani wa mvua mwezi huu. Si mtu mbaya, Kaka. Alinilipia ada muhula ule nilipokwama, na hakuwahi kunikumbusha. Nasema hivi mapema ili usianze kumtafutia ngazi.

Mwaka jana umeme ulipoanza kupungua, maji ya bwawa yakiwa chini na mtambo mmoja umeungua, shirika la umeme lilikuja kwetu kuomba ushauri. Umeme hautoshi, lazima mitaa fulani izimwe ili mingine iwake, sasa nani azimwe kwanza? Wastani alisimama ubaoni akatueleza kwamba jibu ni rahisi: azimwe yule ambaye hasara yake ni ndogo. Kiwanda hasara yake inaonekana. Hasara ya nyumba ya mtu utaijuaje? Unamuuliza angekubali kutoa kiasi gani ili asikatiwe. Mtaa unaotaja kiasi kikubwa ndio unaoumia zaidi, huo ukatwe mwisho. Mtaa unaotaja kidogo ukatwe mwanzo. Ndivyo wanavyofanya duniani kote, alisema, na vitabu nilivyovisoma baadaye vilisema hivyo hivyo. Nilimwambia Baba kwamba tunapanga mgao wa haki, bila kumweleza tutakachouliza. Alifurahi, akasema angalau mmoja wetu amepata kazi isiyotoa moshi.

Katika dodoso la kwanza, baada ya swali la kiasi lilikuwepo swali lingine: kama mtu amesema sifuri, aulizwe kwa nini. Vitabu vinasisitiza hilo, kwa sababu mtu anaweza kusema sifuri kwa kuwa hana kitu, au kwa kuwa hataki umeme, au kwa kuwa amechukia kuulizwa, na hizo ni sifuri tofauti. Lakini majibu ya maneno yanachosha kuyapanga, shirika lilikuwa na haraka, na Wastani akaamua swali hilo liondolewe. Dodoso lilijaribiwa kwa wahadhiri, wakalijibu bila shida. Kisha tukapewa vishikwambi na vizibao vya njano vinavyong'aa vyenye nembo ya shirika, maana ndilo lililogharimia, tukaingia mitaani.

Kanuni yetu ni kwamba msaidizi hahoji mtaa wake. Mimi nilipelekwa kule mlimani kwenye mageti marefu, na mwenzangu mmoja tunayemwita Twiga, kwa sababu ambazo ukimwona hutauliza, akapewa mitaa ya bondeni, pamoja na wetu. Kule mlimani watu walijibu haraka sana. Kabla sijamaliza kauli yangu walikuwa wameshataja kiasi, tena kikubwa. Bwana mmoja mwenye nyumba ya ghorofa aliniuliza kwa sauti ya chini kama nitapokea hapo hapo au nimpe namba ya simu. Nilicheka, nikamwambia hapana mzee, hili ni swali tu la utafiti, akanikonyeza akasema anaelewa, utafiti. Niliwasimulia wenzangu kama kichekesho, nasi tukacheka sote, Wastani naye akacheka. Kiasi alichotaja kiliingia kwenye hesabu kama kilivyo.

Kazi yangu baada ya hapo ilikuwa kusafisha data, yaani kupitia majibu yote, kuondoa yaliyojirudia na yaliyokosewa. Nilipofika mtaa wetu nilikuta sifuri. Si kwamba zilikuwa nyingi, Kaka, zilikuwa mtaa mzima, kuanzia karakana ya Baba ya zamani mpaka kwenye bomba. Unajua nilihisi nini? Aibu. Nilidhani ni umaskini wetu umejianika kwenye kioo cha kompyuta mbele ya wenzangu wanaotoka mlimani. Nilizipitisha haraka nisije nikaulizwa kama ndiko ninakotoka. Ratiba ya mgao ilipotoka, mtaa wetu ulikuwa wa kwanza kuzimwa na wa mwisho kuwashwa.

Utaniuliza kama sikukumbuka mashine. Niliikumbuka siku hiyo hiyo. Nilimwendea Wastani nikamwambia nina mgonjwa nyumbani ambaye mapafu yake yameliwa na moshi wa kuchomelea, bila mashine hana pumzi. Akasikitika kwa kweli, akaniandikia barua ya kupeleka kwa shirika. Shirika likasema msamaha upo kwa hospitali tu, nyumba moja haiwezi kuachwa inawaka kwenye laini iliyozimwa, lakini maombi yangu yatashughulikiwa. Nesi akatuazima mtungi wa oksijeni wa akiba kutoka zahanati. Tukawa tunaishi hivyo, umeme ukizima tunafungua mtungi, ukiwaka tunamrudisha Baba kwenye mashine, na Mama akawa anakaa anautazama mshale wa mtungi kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

Siku yenyewe tuliambiwa umeme ungerudi kabla ya mchana. Haukurudi. Mimi nilikuwa ofisini chuoni, kwenye kiyoyozi, maana chuo hakikatwi, nikiandaa majedwali ya ripoti hiyo hiyo. Mama alipiga simu akisema mtungi unakaribia kwisha. Nilimpigia nesi, alikuwa zahanati anazalisha. Nilipiga shirika, simu ikaniimbia muziki. Fundi cherehani na Mama walimbeba Baba kwenye kiti kumtoa nje watafute gari, wakafika naye kwenye kibaraza cha fundi, akaomba wamweke chini kidogo. Akakaa kwenye lile benchi wanapokaa watu wanaosubiri nguo. Alimshika fundi mkono. Nilipofika alikuwa bado amekaa wima, wamemwegemeza ukutani, na umeme ulikuwa umesharudi. Nilisikia redio za watu. Kaka, sikulia siku ile. Nilienda chumbani kuzima mashine, ilikuwa imejiwasha yenyewe inavuma bila mtu.

Haya yote ungeweza kuyachukua kama bahati mbaya, na mimi nilitaka kuyachukua hivyo. Lakini kuna yaliyosemwa kwenye mazishi. Unakumbuka Baba aliitwa Mzee Risiti, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuchukua shilingi yake bila kumwandikia risiti, na hakuna askari wala mkaguzi aliyewahi kula chai yake. Watu walipoanza kumsifu, fundi cherehani alisimama akasema atasimulia ushujaa wa mwisho wa rafiki yake. Akasema miezi michache iliyopita alikuja kijana mrefu mwenye kizibao cha shirika la umeme, akaingia kwa Baba, akapewa kiti na maji ya kunywa. Kisha kijana akauliza bila haya kwamba mzee atatoa kiasi gani ili asikatiwe umeme. Baba akamwambia, mwanangu, sijawahi kutoa na sitaanza leo, andika sifuri. Halafu akainuka na mrija wake puani, akatembea mpaka pale mrija ulipoishia, karibu na mlango, akaita majirani akawaonya kwamba anapita mtu wa kitu kidogo, kila mmoja amwambie sifuri. Na kila mmoja akamwambia. Watu msibani walicheka huku wanafuta machozi. Walipiga makofi. Mama aliinua uso kwa mara ya kwanza siku ile, akatabasamu. Nami nilikuwa nimesimama katikati yao, nazikumbuka zile sifuri za mtaa mzima.

Nilimtafuta Twiga kesho yake. Alikumbuka vizuri. Alisema mzee mmoja mwenye mrija alimpokea kwa heshima halafu akambadilikia, na yeye alidhani ni uchungu wa ugonjwa. Hakujua ni baba yangu. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye ngazi za maktaba akafunika uso. Sikuwa na la kumlaumu, wala maneno ya swali hayakuwa na kosa. Geuza maneno utakavyo, mtu mwenye nembo ya umeme akikujia mlangoni kukuuliza utatoa nini usikatiwe, kwenye mtaa kama wetu anataka kitu kimoja tu. Kule mlimani nao walielewa vivyo hivyo, ila wao wamezoea kutoa. Kwa hiyo tuliandika kwenye ripoti kwamba wanaotoa rushwa wanauhitaji sana umeme, na wanaokataa hawauhitaji. Baba yetu alijibu swali langu, Kaka. Alilijibu kama alivyotulea sisi kujibu, na lile jibu likamzimia pumzi.

Nilimpelekea Wastani jambo hili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Alisema inawezekana kabisa, tena ni hoja nzuri, tutaiweka kwenye tanbihi. Yaani Baba atawekwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Nikamwomba basi kwamba katika awamu ya pili ya utafiti, inayoanza mwezi ujao na ndiyo itakayopanga mgao wa mwaka mzima hapa na kwenye miji mingine, swali lile la kwa nini lirudishwe. Akanieleza kwa upole kwamba ukibadilisha dodoso katikati huwezi tena kulinganisha awamu na awamu. Sifuri ni sifuri, alisema, hesabu haina mahali pa kuweka sababu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilitoka pale nikaenda kunawa uso, nikarudi kwenye meza yangu, maana ndiko mkate unakotoka.

Sasa uone shida ilipo. Mama alipompa fundi cherehani ile mashine kwa ajili ya mama yake, hali ya bibi yule ilikuwa ya kuvumilika, akiitumia jioni tu. Siku hizi hawezi kulala bila hiyo, wala kukaa. Na mtaa umelifanya neno la Baba kuwa kiapo. Vijana aliowafundisha kuchomelea wameandika kwenye geti la karakana kwa rangi nyekundu, ANDIKA SIFURI. Watoto wanaliimba. Wasaidizi watakapopita tena na vizibao vyao, mtaa mzima utasema sifuri kwa fahari kuliko mwanzo, kwa heshima yake, na ratiba itakuwa ile ile, na bibi yule hatamaliza mwaka.

Utaniambia nibadilishe namba mwenyewe, mimi si ndiye ninayesafisha data. Nimewaza. Nimekaa mbele ya kioo na kidole juu ya kitufe. Majibu ya safari hii yanafungwa yakishaingia, lakini ukweli ni kwamba hata yangekuwa wazi nisingeweza. Na mimi ni mtoto wa Mzee Risiti, ndiyo balaa lenyewe.

Nilimwambia fundi cherehani peke yake kwanza. Nilimkuta anatia pindo suruali za shule. Maelezo yangu yalipofika kwenye jibu la Baba aliacha kukanyaga cherehani, akabaki na kitambaa mkononi, akaniuliza kama nina hakika, kisha akaniuliza tena. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba siku ile kueneza neno la Baba, kwa kuwa mrija wa Baba haukufika mbali. Aliniambia atasema kiasi safari hii, kwa ajili ya mama yake, ingawa atajiona kama ameiba. Lakini mtu mmoja hainui mtaa mzima, hilo hata Wastani atakwambia. Na alisema watu hawatamsikia yeye. Watasema amenunuliwa. Akitokea mtu wa kulifuta neno la Mzee Risiti, awe damu yake.

Nikamwambia Mama. Nilikuwa nimejipanga kwa siku nyingi, nikangoja amalize kula. Nilimweleza yote, swali, sifuri, ratiba, na kwamba Jumapili hii kuna kikao cha wakazi ambapo nataka kusimama niwaambie kwamba sifuri ile ndiyo iliyotuzimia umeme, na kwamba Baba alikosea. Hakulia. Alitoa vyombo mezani kimoja kimoja. Kisha akasema kwamba kwa miaka yote aliyoishi na mume wake walikosa mengi, walikosa nyumba ya kwao, walikosa cheo alichostahili, kwa sababu tu hakutaka kutoa kitu kwa mtu, na walichopata badala yake ni jina. Jina hilo ndilo lililobaki ndani ya nyumba. Akasema nikilichukua jina la baba yangu nikalivunja mbele za watu, niwaambie kwamba alijiua kwa ujinga wake, basi yeye hana mtoto wa kike. Nilimwambia sitasema ujinga. Akasema watu watasikia ujinga. Na hilo, Kaka, najua ni kweli. Wapo watakaocheka. Yupo atakayesema kumbe risiti haziwashi taa.

Tangu siku hiyo ananisemesha mambo ya lazima tu. Ananiwekea chakula na kukifunika, lakini hakai. Jana nilimkuta ananyoosha shati la Baba lisilo na mtu wa kulivaa, nikataka kumwambia nimeghairi. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikasikia ile mashine kwa jirani inaacha kuvuma, mgao umeanza, na fundi anaburuta mtungi sakafuni. Nikaufunga mdomo wangu.

Nitasema. Nesi anasafiri Ijumaa na kikao ni Jumapili, kwa hiyo utakapokuwa unasoma hapa nitakuwa nimeshasimama. Chuoni nitafukuzwa, kwa kuwa msaidizi anayewafundisha watu majibu ameharibu utafiti, na Wastani hatakuwa na namna ya kunitetea hata akitaka. Hilo limeniuma lakini nimelimeza. Sikuandikii kuomba ruhusa, ingawa wewe ndiye mkubwa na ilikuwa haki yako kuulizwa. Nisamehe kwa hilo. Wala sikuandikii unitetee kwa Mama. Yeye hajakosea, na mimi sidhani nimekosea, na bado mmoja wetu atatoka ndani ya nyumba hii. Nimeshapata pa kulala, kwa dada mmoja tuliyesoma naye.

Nimekuandikia ili ujue kwamba mikono yako ni misafi. Mtumba wako ulimpa Baba miezi ambayo hakuna daktari aliyemtarajia kuipata, aliitumia kwa kukosoa taarifa ya habari na kunifundisha kukunja kipande cha bati kwa mkono mmoja, na mpaka sasa unampa bibi wa watu pumzi. Umekaa kimya kwa kosa ambalo halikuwa lako, nami sikukivunja kimya hicho mapema kwa kumwogopa Mama. Basi sasa kione kimevunjika. Vaa koti, toka nje utembee kidogo, ule kitu cha moto, halafu umpigie.

Mpigie Mama simu, Kaka. Piga mchana, wakati hakuna mgao, usije ukamkosa. Usimwambie umepata barua, na usinitaje mimi, akitaka atanitaja mwenyewe. Muulize tu kuhusu ule mtaro, ana mengi ya kusema. Asiishi bila mtoto wa kuongea naye, maana kuanzia Jumapili atakuwa amebaki na wewe.

Msalimie sana mwenzako mnayekaa naye, mwambie tunamshukuru kwa kukuangalia. Shangazi anakusalimu na anauliza kama unatumia mafuta aliyokutumia ya goti. Fundi cherehani naye anakusalimu, amesema suruali yako iliyobaki kwake bado ipo, hajaiuza. Nakutakia afya njema, na moyo uliotulia.

Ni mimi mdogo wako,
Kiroboto